Fyuzi Mkononi mwa Ngowa

Baba yangu, Tsofa wa Baya, alikuwa mtu wa kuchosha. Hata redio ya betri aliigusa kwanza kwa mgongo wa kidole, ndipo akafungua sauti. Wageni walicheka, nasi watoto tuliona haya. Mama alisema, "Mwacheni, kila mtu na wazimu wake," akaendelea kukuna nazi. Nilikuwa nimeshaolewa baba aliponieleza wazimu ule ulianzia wapi, na tangu hapo sikucheka tena. Naandika kama alivyonieleza, pamoja na niliyoyasikia kwa shangazi Nyamvula, maana baba alikuwa na tabia ya kujihukumu kupita kiasi, na shangazi alikuwa na tabia ya kutosahau.

Baba alikuwa fundi wa umeme kwenye klabu moja ya Wazungu pale Changamwe, juu ya kilima kinachotazama matangi ya mafuta. Mwaka arobaini na mbili, vita vilipojaza manowari Kilindini, maofisa walitaka bwawa la kuogelea, na walilitaka upesi. Likachimbwa, likasakafiwa, likajazwa maji ya chumvi yaliyovutwa kutoka kwenye mkono wa bahari chini ya kilima. Kando yake kikajengwa kibanda cha pampu, na baba akapewa siku mbili avute umeme mpaka pale. Kontrakta alikosa mbao, akatuma lori bara, likarudi na magogo na nguzo za kila namna. Nguzo moja iliyosimamishwa ndani ya kibanda, kushikilia paa, ilikuwa imechongwa.

Kwa Mzungu ilikuwa nguzo yenye mapambo. Mgiriama yeyote angejua ni kitu gani. Ilikuwa kigango, ule ubao mrefu unaosimamishwa kwa ajili ya mzee mkubwa aliyekufa, wenye kichwa cha duara na macho, na vipembe vidogo vidogo vilivyokatwa kifuani mpaka chini. Kigango hakihamishwi ovyo. Mtu wa kale yule anakaa pale, na akisahauliwa huja ndotoni kudai nguo na tembo la mnazi. Hiki kilikuwa kimeng'olewa mahali, hakuna aliyejua wapi, kikaletwa kubeba mabati.

Baba alikiona, akanyamaza. Aliniambia alikuwa na siku mbili tu, na Mzungu alikuwa amesimama nyuma yake na saa mkononi. Klipu za kubania waya hazikuwepo madukani kwa sababu ya vita. Akachukua misumari, akaikunja, akaubana waya wa pampu kwenye kifua cha yule mzee, kutoka kwenye ubao wa swichi hadi chini sakafuni. Nilimwuliza, "Hukuogopa?" Akasema, "Niliogopa. Niligongelea polepole."

Msafishaji wa bwawa alikuwa Ngowa, mume wa shangazi Nyamvula. Ngowa alikuwa mpole, mwenye miguu mikubwa isiyojua kiatu, na alimheshimu shemeji yake kwa ule ufundi kupita kiasi. Baba alimfundisha jambo moja. Alimwambia, "Shemeji, ukitaka kushika chochote karibu na waya huu, zima swichi, kisha ng'oa fyuzi uishike mkononi. Fyuzi ikiwa mkononi mwako, umeme umekufa. Hakuna awezaye kuurudisha bila wewe." Akaing'oa mbele yake, na pampu ikanyamaza. Ngowa akayakariri maneno yale kama dua.

Kwa kuwa hakuna mwingine aliyemjali mzee wa kwenye nguzo, Ngowa alimjali yeye. Kila Alhamisi asubuhi, kabla Wazungu hawajaamka, alimmiminia mnazi kidogo kwa kata, akamwambia habari za mvua na za watoto. Miaka miwili ya kwanza hakukuwa na lolote. Mwaka wa tatu nguzo ikaanza kujibu.

Shangazi alinisimulia hili akiwa ameshika mikono yake miwili magotini. Alisema Ngowa alirudi nyumbani siku hiyo hawezi kula. Alisema akimimina mnazi, mzee ananong'ona. Si maneno, ni kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Ssss. Halafu unapokauka ananyamaza. Shangazi alimwambia aache, akakataa. Mnazi ukazidi, Alhamisi kwa Alhamisi, na Ngowa akawa mtu wa kutabasamu peke yake. Siku moja, mbele ya wakwe wote, shangazi akashindwa kuvumilia, akasema: "Utakufa na gogo lako hilo!"

Wiki iliyofuata, Februari ya mwaka arobaini na saba, Ngowa akaona nguo aliyomvisha mzee imechakaa. Akachukua kitambaa kipya, cheupe na cheusi, akaenda kumfunga. Mutua, mlinzi wa klabu, Mkamba aliyekuwa na sauti ya kuamsha mtaa, ndiye aliyemkuta. Ngowa alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu yenye maji, kitambaa kimeviringwa nusu kwenye nguzo. Hakuwa na jeraha. Pampu ilikuwa kimya. Katika ngumi ya kushoto alishika fyuzi, na Mutua alishindwa kumfungua vidole, mpaka baba alipokuja akamfungua mwenyewe, kimoja kimoja.

Daktari aliyeitwa alisema ni moyo. Wazee walimgeukia baba, maana ndiye aliyejua mambo yale. Mzee Nguma, baba wa marehemu, akamwuliza mbele ya watu wote matangani, "Fundi, umeme huu ndio ulioniulia mwanangu?"

Baba akajibu kwa ukweli alioujua siku hiyo. "La, baba. Umeme ulikuwa umezimwa. Fyuzi alikuwa nayo mkononi."

Basi kama si umeme, ni mtu. Na mtu alikuwa ameshasikika akitamka kifo chake. Matanga yalipoanuliwa, wazee wakamwambia Nyamvula kwamba Jumapili ya pili atakula kiraho cha shoka, kiapo cha kumjua mchawi. Shoka hutiwa motoni mpaka liwe jekundu, likapitishwa juu ya kiganja kilicho wazi. Asiye na hatia haungui. Anayeungua ni mchawi, na mchawi angefukuzwa kutoka Mwakirunge, kijiji cha kina Ngowa, na watoto wake watatu wangebaki kwa wakwe. Serikali ilikataza mambo hayo, lakini Serikali haikuwa ikilala Mwakirunge.

Baba alikwenda kumwona dada yake. Walikaa nje, na shangazi alikuwa anapepeta mahindi.

"Kaka," akasema, "shoka la moto linamjuaje asiye na hatia?"

"Sijui, Nyamvula."

"Mimi najua. Ngozi ni ngozi." Akapepeta tena. "Neno lako ndilo lililonifunga. Wangesema ni umeme, ukasema si umeme."

"Nilisema kweli."

"Najua ulisema kweli, kaka. Ndiyo maana sina pa kukimbilia."

Ijumaa kabla ya Jumapili ile, meneja wa klabu alimwita baba. Bwawa lilikuwa halijazungushwa maji kwa siku nane, limekuwa kijani, lina ngozi juu kama uji uliopoa, na Jumapili kulikuwa na wageni. Watu walikuwa wamegoma kukaribia kibanda. Mutua alikuwa amechungulia kwa mbali, akasema waya umepasuka ganda pale kwenye msumari. Meneja akasema waya ubadilishwe, pampu iwashwe.

Saa saba mchana, jua la utosi, baba akaingia kibandani peke yake. Mutua alisimama mbali, chini ya mkwaju, akiimba nyimbo za kanisani kwa nguvu zote ili, alisema, fundi asijihisi mpweke. Ndani kulikuwa na harufu ya mnazi uliochacha. Kitambaa cha Ngowa kilikuwa kinaning'inia vilevile, nusu kimefungwa. Macho ya mzee yalikuwa juu kidogo ya macho ya baba, ikambidi ainue kichwa kuyatazama.

Swichi ilikuwa imezimwa tangu siku ile. Tundu la fyuzi lilikuwa tupu, na fyuzi yenyewe baba alikuwa nayo mfukoni. Kwa kanuni yake mwenyewe waya ule ulikuwa maiti. Akatoa bisibisi, akanyosha mkono kwenye msumari wa kwanza.

Hapo ndipo aliposikia. Sakafu ilikuwa bado na maji ya chumvi, maana bwawa lilivuja huko chini, na unyevu ulikuwa umepanda kwenye nguzo mpaka kwenye kitambaa. Kutoka ndani ya kitambaa kulitoka sauti ndogo. Ssss. Kama mtu anayevuta pumzi kwa meno.

Baba aliniambia nusu yake ilitaka kupiga magoti, nusu ilitaka kukimbia, na alikuwa na hakika kwamba yule mzee alikuwa anamlaumu kwa misumari. Akasema kwa sauti, kama wanavyosalimiwa wahenga, "Taireni, baba. Nimekuja kuitoa." Sauti haikukoma.

Kilichomwokoa baba ni ukaidi wa fundi. Alikuwa na taa ya kupimia, globu moja tu kwenye kishikio, yenye nyaya mbili. Akarudi nyuma, akapanda juu ya sanduku kavu la mbao. Waya mmoja wa taa akaufunga kwenye bomba la chuma lililoingia ardhini. Wa pili akaufunga ncha kwenye ufito mkavu, akaugusisha kwenye msumari uliokuwa kifuani mwa mzee.

Taa ikawaka.

Fyuzi iko mfukoni, swichi imezimwa, pampu imekufa, na taa inawaka. Baba alitoa fyuzi mfukoni akaitazama, kama mtu anayehesabu watoto wake na kukuta mmoja zaidi. Akagusisha tena. Ikawaka tena.

Alikaa juu ya sanduku lile mpaka kivuli cha mlango kikahama. Pampu ina nyaya mbili za kazi. Mmoja huleta moto, mwingine huurudisha. Swichi na fyuzi hukaa kwenye ule unaoleta, ili ukikata hapo, mbele kote kuwe kumekufa. Lakini ukizikosea ukaziweka kwenye ule wa kurudisha, pampu itasimama vilevile, utaridhika, na waya utabaki umejaa moto mpaka mwisho wake, ukingoja mtu. Mwaka arobaini na mbili nyaya zote zilizopatikana zilikuwa nyeusi. Baba alikuwa na siku mbili, na Mzungu mwenye saa. Aling'oa fyuzi, pampu ikanyamaza, akasema vema. Hakuupima waya wenyewe. Hakuupima hata mara moja kwa miaka mitano.

Na msumari alioukunja kwa mkono wake ndio uliotafuna ganda.

Angeweza kubadilisha waya, kugeuza zile nyaya mbili, kuwasha pampu na kwenda nyumbani. Nani angejua? Alikiri kwangu kwamba alilifikiria hilo, na namwamini, kwa sababu wanaojidai kuwa hawakufikiria kitu kama hicho ni waongo. Lakini Jumapili ilikuwa keshokutwa. Akaacha kila kitu kama kilivyokuwa, akafunga kibanda kwa kufuli, akamwambia Mutua asimruhusu hata paka. Akapanda baiskeli, akapita Makupa, akavuka daraja la Nyali, akafika Mwakirunge jua linateremka.

Mzee Nguma alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ni kaka yake," akasema. "Hata mimi, dada yangu angekuwa mbele ya shoka, ningesema jua limechomoza magharibi, kule Changamwe."

"Nakubali, baba. Basi usiyaamini masikio yako. Njoo uone kwa macho."

Mzee alikuja Jumamosi asubuhi na wazee wawili, na kibuyu cha mnazi. Baba aliwapandisha wote juu ya masanduku makavu, akawaapisha wasinyoshe mkono. Akamwonyesha Mzee Nguma swichi iliyozimwa. Akamkabidhi fyuzi, ile ile, aishike yeye. Akafunga taa yake kwenye bomba na kwenye msumari, na globu ikawaka mbele ya uso wa mzee wa kwenye nguzo, ukaonekana umeinama.

Kisha baba akachukua kata yenye mpini mrefu wa mti, akamimina mnazi juu ya kitambaa.

Nguzo ikanong'ona. Ilinong'ona kwa nguvu kuliko jana, na kitambaa kikatoa mvuke mwembamba.

Mzee Nguma alikuwa ameshika fyuzi kwa mikono miwili. "Mwanangu aliniambia," akasema. "Aliniambia anajibiwa. Nilimwonea wivu."

Baba akawataka wasubiri pale pale, kwa kuwa alitaka waione kazi yote. Akaenda jikoni mwa klabu kwenye swichi kubwa, ile inayokata nyaya zote mbili kwa pamoja, akaizima, akaitia kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Wapishi wakalalamika, akawaacha walalamike. Kabla ya kuizima alikuwa ameijaribu taa yake kwenye umeme ulio hai, kuona kama inasema kweli. Akarudi kibandani, akapima msumari: giza. Akapima kila waya kwenye ubao, mmoja mmoja, kwa bomba na kwa mwenzake: giza. Halafu akatia globu ndogo kwenye kishikio kile kile, akaenda akazijaribu nyaya zake kwenye betri ya lori la klabu, na ile globu kubwa akaitazama uzi wake juani, kuhakikisha haikufa katikati ya kazi. Mzee Nguma alimfuata kwa macho kila hatua. Baba alisema macho yale yalikuwa mazito kuliko ya Mzungu mwenye saa.

Ndipo akaigusa nguzo, kwa mgongo wa kidole, ili umeme ukiwepo mkono ujikunje na kuachia. Ilikuwa na joto bado.

Aling'oa misumari yote. Alikata waya wa zamani akautoa nje, na pale palipopasuka shaba ilikuwa imegeuka kijani. Waya mpya ulikuwa wa mpira mnene, mzima, bila kiungo hata kimoja, wenye nyaya tatu za rangi tatu. Hakuupitisha kwenye nguzo. Aliupitisha ukutani, juu, ndani ya bomba, mbali na maji. Kwenye mdomo wa pampu akaubana kwa kibanio, ili mtu akiuvuta, nguvu iishie kwenye kibanio na si kwenye skrubu za ndani. Ule waya wa tatu, wa kwenda ardhini, akauacha mrefu kuliko wenzake, ili siku waya uking'oka, huo uwe wa mwisho kung'oka. Mwisho akaja kwenye ubao. Akageuza zile nyaya mbili. Ilikuwa kazi ya skrubu mbili. Aliniambia ilichukua muda mfupi kuliko kuvuta sigara.

Akamwomba Mzee Nguma fyuzi, akaitia, akaenda kuwasha swichi kubwa. Pampu ikanguruma, maji ya kijani yakaanza kutembea. Akazima, akang'oa fyuzi, akamrudishia Mzee Nguma, akapima waya. Giza. Akapima tena. Giza. Akapima mara ya tatu. Giza.

Mzee Nguma alishuka kwenye sanduku bila kuambiwa. Akaja na kibuyu mpaka kwenye nguzo, akamimina mnazi wote uliobaki, kichwani, machoni, kifuani kwenye matundu ya misumari. Akaweka sikio. Wote walisikia matone yakidondoka sakafuni, basi. Akangoja sana.

"Kimya," akasema. Akamgeukia baba. "Kumbe siku zote hizo mwanangu alikuwa akizungumza na kosa lako."

Baba alipiga magoti kwenye maji yale ya chumvi. Mzee hakumpiga wala hakumwinua. Alimalizia kufunga kitambaa pale Ngowa alipoachia, akaiweka ile fyuzi kwenye kiganja cha baba, akamfunga vidole, kimoja kimoja. "Kaa nayo," akasema. Wakaondoka.

Kiraho kilifutwa jioni ile ile. Baba alilipa kwa mila yote iliyompasa kulipa, na hilo sitalihesabu hapa. Fyuzi iko kwenye saraka yangu, imefungwa kwenye kitambaa. Bwawa lilifukiwa baadaye, na kigango alikichukua Mzee Nguma, akakisimamisha kando ya mwanawe.

Jumapili asubuhi baba alikwenda kwa dada yake, amweleze kwa kinywa chake. Alimkuta anasuka nywele za bintiye. Alimweleza yote, nyaya nyeusi, msumari, taa. Shangazi hakuacha kusuka.

"Kwa hiyo alizima, akang'oa, akashika mkononi," akasema. "Kama ulivyomwambia."

"Kama nilivyomwambia."

Shangazi aliishi miaka arobaini zaidi. Alikuja kwenye harusi zetu, alikula kwetu, alimwita baba kaka na kumwuliza hali yake. Viganja vyake vilikuwa laini mpaka alipokufa, nami nilivishika mara nyingi. Baba hakuvishika tena. Alikuwa akimnyoshea mkono kila walipokutana, na kila mara shangazi alikuwa ameshika kitu.